Tangu siku ile ya amri, nini kimebadilika?

Ombi la kubadilisha amri ya malezi, ile inayosema mtoto akae na mzazi yupi, likifika kwa hakimu wa Mahakama ya Watoto pale Milimani, Nairobi, mara nyingi huwa limejaa majibu ya swali ambalo hakuna aliyeuliza. Baba ameandika kurasa 40 kuthibitisha kwamba mama ni mtu mbaya. Mama amejibu kwa kurasa 50 kwamba baba ndiye aliyeanza. Picha zimebandikwa, jumbe za WhatsApp zimechapishwa, mashangazi wameapa. Hakimu, aliye na rundo la faili nyingine za siku hiyo, anapekua akitafuta kitu kimoja: tangu amri iliyopo itolewe, maisha ya mtoto huyu yamebadilika vipi? Asipokiona, ombi hutupwa, hata kama kila lililoandikwa mle ni kweli tupu.

Kesi ya shamba ikiamuliwa imeamuliwa. Kesi ya mtoto haina mwisho wa namna hiyo mpaka mtoto atimize miaka 18. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai 26 mwaka huo na kuiondoa ile ya 2001, inaiachia mahakama nafasi ya kurekebisha amri yake hali ya mtoto inapodai hivyo. Kifungu cha 53 cha Katiba nacho kinasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu, na kwamba baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza, wawe wameoana au la. Mlango basi uko wazi. Tatizo ni kwamba wengi wanauingia wakiwa na shida ya mlango mwingine.

Ukiona hakimu alikosea, aliusoma ushahidi vibaya au alipuuza jambo ulilomwambia, hiyo ni rufaa, nayo huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Ukipata ushahidi ambao usingeweza kuupata wakati ule hata kwa kuutafuta kwa bidii, au kuna kosa linaloonekana wazi kwenye rekodi, unaomba hakimu aupitie upya uamuzi wake, na usikawie. Ombi la kubadilisha amri ni jambo la tatu. Linakubali kwamba amri ilikuwa sahihi siku ilipotolewa, kisha linasema siku hizo zimepita. Mtu aliyelala kwenye rufaa yake mwaka mzima, kisha akaja na hoja zilezile akiziita mabadiliko, wakili wa upande wa pili hahitaji dakika tano kumwangusha.

Mitaani kuna imani kwamba mama hushinda siku zote, na haikuzuka hewani. Kwa miongo kadhaa mahakama zetu zilifuata kanuni ya umri mchanga: mtoto mdogo abaki na mama isipokuwa kuna sababu ya kipekee. Sheria ya 2001 yenyewe ilimtaja mtoto wa umri mchanga kuwa yule aliye chini ya miaka 10. Lakini mwaka 2023, katika kesi ya MAK dhidi ya RMAA, Mahakama ya Juu iliiweka kanuni hiyo chini ya maslahi bora ya mtoto na kutaja mambo ya kupimwa: jinsi kila mzazi alivyomlea mtoto hapo nyuma, mazingira ya nyumbani, uwezo wa kifedha, afya ya akili ya wazazi, matakwa ya mtoto anayeweza kujieleza, na umuhimu wa mtoto kuendelea kuwaona wazazi wote wawili. Baba anayesimama Milimani leo akidai sheria inamkandamiza kwa kuwa ni mwanamume anapigana na adui wa zamani. Kinachomwangusha sasa kwa kawaida ni kingine: mtoto amezoea alipo, na yeye hajaonyesha kwa nini mazoea hayo yavunjwe.

Mahakama inayaheshimu mazoea kuliko wazazi wanavyodhani. Shule ileile, rafiki walewale, kitanda kilekile, ndugu wa tumbo moja chini ya paa moja. Kwa hiyo mabadiliko yanayotosha ni yale yaliyokwisha kuyatikisa hayo, au yatakayoyatikisa karibuni. Mlezi anahamia Mombasa au nje ya nchi. Mlezi ni mgonjwa kiasi cha kushindwa kumtunza mtoto. Mtoto ameanza kukosa shule. Kuna kipigo, au njaa, au mtu mpya nyumbani ambaye mtoto anamwogopa kwa sababu inayoelezeka. Hata kukua tu ni badiliko: mpangilio uliomfaa mtoto wa miaka 2 aliyekuwa ananyonya haumfai wa miaka 9 anayesoma umbali wa hatua 200 kutoka nyumbani kwa baba yake.

Yasiyotosha ni mengi, na ndiyo yanayojaza faili. Mama ameolewa tena. Baba amepata kazi nzuri na sasa anaishi Kilimani. Mama hasali kanisa tulilokubaliana. Habari ya pesa hasa inafaa isemwe bila kuzunguka: mzazi mmoja akiwa na uwezo na mwingine hana, dawa ya kwanza ya sheria ni amri ya matunzo, yaani pesa zihame kumfuata mtoto. Mtoto kuhama kuzifuata pesa huja baadaye sana, kama kutakuja.

Kuna mfano unaojirudia sana jijini. Mama aliyepewa malezi anapata mkataba wa miaka miwili Ghuba, anamwacha mtoto kwa nyanya Murang'a. Baba, anayeishi Umoja, anaona mambo yamejipa: mlezi hayupo. Lakini hakimu atauliza zaidi ya hapo. Mtoto amekaa kwa nyanya tangu lini? Ameanza shule huko? Baba amemtembelea mara ngapi, au hajaonekana tangu mtoto akiwa chekechea? Kama alikuwa akimchukua kila wikendi ya pili, anamjua mwalimu wake wa darasa, na kule kuhamia Murang'a kumevuruga masomo, ombi lake lina miguu. Kama aliamka siku aliyosikia mama amepanda ndege, nyanya ndiye atakayeonekana mzazi mle kortini, na nyanya huyo anaweza kuomba aingizwe kwenye kesi kama mhusika.

Ombi lenyewe hupelekwa katika faili ileile, kwa nambari ileile ya kesi, kupitia mfumo wa kielektroniki wa Idara ya Mahakama ulioanza kutumika Nairobi Julai 2020. Wapo wanaofungua kesi mpya korti nyingine wakidhani watampata hakimu mpole zaidi. Upande wa pili ukileta amri ya zamani, kesi hiyo mpya inasimamishwa au kufutwa, na mtu amejichafua mapema. Ombi lina karatasi inayotaja amri zinazotakiwa, hati ya kiapo inayobeba ukweli, na kama kuna dharura, hati ya kuthibitisha dharura hiyo.

Hati ya kiapo ndiyo roho ya ombi, na hapa inafaa tukae kidogo. Linganisha aya mbili. Ya kwanza inasema: “Mjibu ombi ni mlevi asiyejali mtoto.” Ya pili inasema: “Katika muhula wa pili mtoto alikosa shule siku 19. Naambatisha nakala ya rejista iliyotiwa saini na mwalimu mkuu, yenye alama JK-3.” Aya ya kwanza itajibiwa kwa neno moja, uongo, na mmebaki palepale. Ya pili inamlazimu mwenzako azieleze siku 19, moja baada ya nyingine. Kama ulevi ndio chanzo, utajitokeza wenyewe katika maelezo yake, au katika kushindwa kwake kueleza.

Yaandikwe unayoyajua mwenyewe. Uliyoyasikia kwa jirani, sema uliyasikia kwake na lini, la sivyo wakili atayaombea yafutwe. Hati isainiwe mbele ya kamishna wa viapo. Tabia ya kuitia saini kwenye saiba na kumtuma mtu wa boda aipeleke ikagongwe muhuri ni hatari, kwa sababu ukiulizwa uliapa mbele ya nani utaduwaa. Kila kiambatisho kiwe na muhuri na nambari yake. Kisha hakikisha nakala iliyoskaniwa inasomeka. Risiti ya karo iliyopigwa picha gizani na kupakiwa kichwa chini haimsaidii mtu.

Jumbe za WhatsApp, picha na rekodi za sauti zina sharti lake. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani, kikiwa kimetiwa saini na anayehusika na kifaa hicho. Ukurasa mmoja unatosha. Bila ukurasa huo, ujumbe wa vitisho ulioutegemea unaweza kukataliwa. Na usikate mazungumzo ukabakiza matusi ya mwenzako peke yake, maana ataleta sehemu uliyokata, na kuanzia hapo hakuna atakayekuamini hata ukisema leo ni Jumanne.

Upande wa pesa, taarifa ya M-Pesa ni shahidi mzuri ikiwa ilitunzwa vizuri. Karo ilipwe moja kwa moja kwa paybill ya shule, kwa jina la mtoto. Mzazi aliyekuwa akitoa pesa mkononi, au kumtumia mwenzake bila kuandika popote ni za nini, hujikuta akibishana kama zile 8,000 za Machi zilikuwa za chakula cha mtoto au deni la harusi. Mzazi mwenye malimbikizo ya matunzo ajue pia kwamba hilo litakuwa jambo la kwanza kutajwa dhidi yake. Hiyo haimpi mwenzake ruhusa ya kumnyima mtoto. Matunzo na kuonana ni haki mbili tofauti za mtoto, na kila moja inadaiwa kwa njia yake.

Kitu kinachokosekana karibu kila mahali ni mpango. Ombi linaeleza kwa nini mtoto atoke kule, halielezi atakapofika itakuwaje. Basi la shule linapita saa ngapi? Nani atakuwa nyumbani saa tisa na nusu mchana mtoto akirudi? Atalala chumba gani, na nani? Karo ya muhula ni kiasi gani na itatoka wapi? Akiugua usiku, hospitali iliyo karibu ni ipi na bima gani inamhudumia? Ukurasa mmoja wa mambo haya una uzito kuliko kurasa 20 za historia ya ndoa.

Ombi likishasajiliwa, mwenzako lazima alipate. Tangu 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu nyaraka kukabidhiwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe wa simu, kwa nambari ambayo mtu anajulikana kuitumia. Anayekabidhi awe ameidhinishwa na mahakama, kisha aape hati ya kuthibitisha makabidhiano akiambatisha ushahidi kwamba ujumbe ulifika. Wengi husahau hati hii. Siku ya kesi hakimu anauliza kama mjibu ombi ana habari, mwombaji anasema “aliona, tiki ziligeuka buluu,” na kesi inaahirishwa.

Sasa kwenye amri za muda, ambako lawama yangu inaelekea kwa mahakama zenyewe. Mzazi anakuja kwa dharura, mwenzake hayupo, hakimu anatoa amri mtoto akae na mwombaji “hadi ombi litakaposikizwa.” Palipo na hatari ya kweli hakuna ubaya. Lakini kesi inatajwa, ripoti ya afisa wa watoto haijafika. Inatajwa tena, wakili ana kesi nyingine. Likizo ya Agosti inapita, mtoto anaandikishwa shule mpya. Ombi linapofikia kusikizwa, afisa anaandika kwamba mtoto “ametulia katika mazingira yake ya sasa,” na yale mazoea yanayoheshimiwa yanamlinda yule aliyeyatengeneza juzi kwa amri ya muda. Kesi iliamuliwa siku ya kwanza bila mtu kukusudia.

Kwa amri za zuio, yaani za kumkataza mtu kufanya jambo, kanuni za madai zimeweka ukomo: amri iliyotolewa bila upande wa pili kusikizwa isizidi siku 14, na nyongeza ni ya mara moja. Hakuna sababu ya maana kwa nini uzio wa kiwanja upewe nidhamu hiyo na kitanda cha mtoto kisipewe. Amri ya muda ya malezi iwe na tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani yake, na anayetaka kuirefusha aje aeleze. Ukali huohuo umpate mzazi anayemchukua mtoto likizo ya Desemba kisha akakataa kumrudisha, halafu akakimbilia kortini kuomba hali hiyo ihalalishwe. Arudishe kwanza, ndipo asikizwe. Mahakimu wengine hufanya hivyo hasa, na wanafanya vyema.

Ripoti ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo ndiyo inayobeba uzito mkubwa kuliko karatasi nyingine yoyote mle ndani. Afisa huzungumza na wazazi, na mtoto, mara nyingine na shule na majirani, kisha huenda kuona nyumba. Haangalii ukubwa wa televisheni. Anaangalia mtoto analala wapi, nguo zake ziko wapi, kama anajua choo kilipo bila kuuliza. Nyumba iliyonunuliwa vitanda wiki hiyohiyo hujulikana, maana godoro bado lina nailoni. Maafisa ni wachache, usafiri ni wa kubahatisha, na ripoti nyingine huandikwa baada ya kuona nyumba moja tu. Ikitokea hivyo kwako, usikae kimya ukisubiri hukumu. Omba kwa maandishi nyumba ya pili itembelewe, na uombe afisa aitwe aulizwe maswali. Ripoti ni ushauri, na hakimu anaweza kuiacha akitoa sababu, lakini ataiacha vipi kama hakuna aliyemwonyesha upungufu wake?

Mtoto mwenyewe anaweza kusikizwa, kwa kawaida ofisini mwa hakimu, wazazi na mawakili wakiwa nje. Onyo ni moja. Mtoto aliyefundishwa hujulikana ndani ya dakika mbili. Wa miaka 7 akisema “nyumbani kwa baba hakuna mazingira bora,” hakimu anajua sentensi hiyo ilitoka kwa nani, na anayeumia ni aliyemfundisha. Madai ya unyanyasaji wa kingono hayana mjadala wa mbinu: yaende polisi upewe nambari ya OB, yaani ya daftari lao la matukio, mtoto apelekwe hospitali, fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, ijazwe, siku ileile. Dai zito la namna hiyo likijitokeza kwa mara ya kwanza miezi sita baadaye katika aya ya 32 ya hati ya kiapo, linazua maswali kwa pande zote mbili, na mtoto ndiye atakayelazimika kulisimulia upya.

Vikao vingi vya kutaja kesi hufanyika mtandaoni kwa Teams. Mtoto asiwe sebuleni akifanya homuweki huku wakili anasoma mashtaka ya mama yake kwenye spika ya simu. Na anayeona Kiingereza kinamkaba ajue kwamba Kiswahili ni lugha halali ya mahakama za chini. Sema kwa Kiswahili.

Kesi inaweza pia kupelekwa kwa upatanishi wa mahakama, ulioanzishwa Milimani mwaka 2016, ambao una siku 60 zinazoweza kuongezwa. Kwa mabadiliko madogo, kama kuhamisha wikendi au kugawa likizo upya, ndio njia ya busara. Kwa nyumba yenye kipigo haifai, na mpatanishi aambiwe hivyo mapema. Mkikubaliana, makubaliano yarudishwe kortini yawe amri. Karatasi mliyosaini kwa chifu au kwa ofisi ya watoto inaonyesha nia yenu, lakini polisi hawatamrudisha mtoto kwa nguvu ya karatasi hiyo.

Amri mpya nayo iandikwe kwa namna inayotekelezeka. “Haki ya kumwona mtoto kwa wakati unaofaa” ni mbegu ya kesi nyingine. Vilevile “Ijumaa saa kumi na moja jioni,” kama mtoto yuko Kahawa Sukari na mzazi anatoka kazini Mlolongo: atafika saa mbili usiku, mwenzake atakuwa amefunga lango, na Jumatatu kila mmoja atakuwa na ombi la kumshtaki mwingine kwa kukaidi amri. Afadhali Jumamosi saa tatu asubuhi hadi Jumapili saa kumi, wikendi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, makabidhiano yafanyike mahali palipotajwa kwa jina, na dakika 45 za kusubiriana ziandikwe humohumo. Itajwe nusu ipi ya likizo ya Aprili, Agosti na Desemba ni ya nani. Itajwe pasipoti inakaa kwa nani, na nani lazima aridhie kabla mtoto hajavuka mpaka.

Ikishatoka, chukua nakala iliyothibitishwa na uipeleke langoni mwa shule siku hiyohiyo, nyingine iache ofisini kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa mwenye basi. Askari wa langoni hana akaunti ya kusoma mfumo wa mahakama. Anasoma karatasi yenye muhuri, na ndiye atakayekuwa pale saa tisa na nusu mtu asiyetarajiwa akija kumchukua mtoto.